Cheti cha Daktari Si Kibali

Mwanariadha anayehitaji dawa iliyomo kwenye orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, huruhusiwa kuitumia akiwa na kibali cha matibabu, maarufu kama TUE. Anayemtibu si anayekitoa. Hata hivyo, sampuli ikikutwa na dawa, utetezi ni uleule: "Niliandikiwa na daktari."

Utetezi huo hautetei kitu. Kanuni humbebesha mwanariadha kila kinachokutwa mwilini mwake, na cheti cha kuandikiwa dawa, kikitazamwa vizuri, ni ukiri uliopigwa mhuri. Wanaoamua kuhusu kibali ni madaktari wa kamati ya TUE, wasiohusika na matibabu yake. Huuliza kama ugonjwa umethibitishwa, kama dawa haitampa uwezo kupita ule wa afya yake ya kawaida, kama hakuna tiba nyingine inayofaa, na kama hitaji lenyewe halikuletwa na dawa haramu alizowahi kutumia bila kibali. Mwenye kisukari anayeishi kwa insulini hujibu bila taabu. Karatasi iliyoandikwa "maumivu ya goti" haijibu hata swali moja.

Kenya inalijua hili kupitia triamsinoloni, steroidi ambayo hospitalini hudungwa kwa maungio na mzio bila mtu kushtuka, lakini ikidungwa ni marufuku wakati wa mashindano. Ikiingia kwenye msuli, WADA hushauri zipite siku 60 kabla ya kushindana. Diana Kipyokei alishinda Boston Marathon ya 2021, akakutwa nayo. Nyaraka alizodai zilitoka hospitalini zikaonekana za uongo, nalo likawa kosa la pili. Alipoteza ushindi na kufungiwa miaka sita. Karatasi iliyotarajiwa kumwokoa ndiyo iliyomzamisha zaidi.

Wala si kila mgonjwa anahitaji kibali. Salbutamoli ya inhela inaruhusiwa hadi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, bila kuzidi 600 katika saa nane zozote. Vidonge vyake haviruhusiwi bila kibali. Dripu inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12 ni marufuku nje ya matibabu ya hospitali. Anayeshindana kitaifa nchini Kenya huomba kibali kwa ADAK, wakala wa nchi hiyo wa kupambana na dawa haramu michezoni, wa kimataifa huomba kwa shirikisho lake, angalau siku 30 kabla ya shindano, akiambatisha historia ya ugonjwa na majibu ya vipimo. Faili likikamilika, uamuzi hutolewa ndani ya siku 21. Penye dharura mgonjwa hutibiwa kwanza, kisha ombi la kibali cha baada ya matibabu hupelekwa mara moja.