Bisangwa, Jemadari Aliyefia Shangi

Kiapo cha askari hupimwa siku ile adui anapokuja na silaha ambayo mlinzi hana. Katika historia ya Rwanda, siku hiyo ilimfikia Bisangwa, mwana wa Rugombituri, mwaka 1896.

Bisangwa alikuwa mkuu wa Ingangurarugo, jeshi la walinzi wa Mfalme Kigeri IV Rwabugiri, na mtu wa karibu katika baraza lake. Mwaka 1889 Rwabugiri alimtawaza mwanawe Rutarindwa kuwa mfalme mwenza, na Bisangwa akawa miongoni mwa waliokabidhiwa kumlinda. Kwa kuwa mama mzazi wa Rutarindwa alikwisha kufa, Kanjogera aliteuliwa kushika cheo cha Mama Mfalme. Lakini Kanjogera alikuwa na mwana wa kumzaa mwenyewe, Musinga. Hapo ndipo hatari ilipojificha.

Rwabugiri alifariki mwaka 1895. Mwaka uliofuata kikosi cha Wabelgiji kutoka Kongo kilipiga kambi Shangi, upande wa kusini wa Ziwa Kivu. Bisangwa alikwenda kuwafukuza, pamoja na Mwanamfalme Muhigirwa. Mikuki, pinde na ngao vikakutana na bunduki. Ushujaa haukukosekana; kilichokosekana ni kujua mapema uwezo wa silaha ya adui. Wapiganaji walianguka kabla ya kumfikia aliyewapiga. Bisangwa aliuawa, na jeshi likarudi nyuma.

Msiba huo haukuishia Shangi. Mfalme Rutarindwa alikuwa amepoteza ngao yake. Kabla ya mwaka 1896 kwisha, Kanjogera na kaka yake Kabare walimpindua huko Rucunshu. Akafa ndani ya nyumba iliyowaka moto, na Musinga akatawazwa. Mwaka 1897 Kapteni Ramsay wa Ujerumani alipofika, alikuta ikulu iliyotoka kumwaga damu yake yenyewe, nayo ikakubali ulinzi wa Wajerumani.

Ufaransa nayo ilimpoteza jemadari wake mwungwana, Turenne, aliyeuawa kwa mzinga mwaka 1675. Jeshi lake lilirudi ng'ambo ya Mto Rhine, lakini Condé alishika nafasi yake na dola ikasimama.

Ndugu askari, Bisangwa alitimiza wajibu wake hadi pumzi ya mwisho. Kosa halikuwa lake peke yake. Nchi ambayo usalama wa kiongozi wake umetundikwa kwenye mkuki wa mtu mmoja huanguka siku mkuki huo unapovunjika.