Wachoraji wa Eastlands na Uzuri wa Vitu Vilivyochakaa

Mabati yaliyoshika kutu, moshi wa viwanda, maji machafu yajitafutiayo njia baina ya vibanda: hayo ndiyo humlaki aingiaye Mukuru, mtaa uliojibana ubavuni mwa eneo la viwanda la Nairobi. Wengi wetu tuna jamaa katika mitaa ya Eastlands, tangu Pumwani ulipo Msikiti wa Riyadha hadi Eastleigh na Umoja, na kila tuwatembeleapo huwa twahesabu saa za kurejea nyumbani. Neno "uzuri" halitujii ulimini tukiwa huko. Hata hivyo, katika mitaa hiyo hiyo wamechipuka wachoraji na wachongaji ambao kazi zao zimevuka bahari, na hawakulazimika kuutafuta uzuri mbali na milango yao.

Mwaka 2004 vijana kadhaa wa Mukuru, akiwamo mchoraji Shabu Mwangi, walianzisha kikundi wakakiita Wajukuu. Jina hilo latupendeza, kwani mtu ataje wajukuu ilhali yeye mwenyewe bado kijana ni mtu aliyekwisha kuamua kwamba kazi yake si ya tumbo la leo peke yake. Mwangi huchora watu ambao nyuso na viungo vyao vimepindika, kana kwamba uzito wa maisha umeyakunja maumbo yao. Si picha za kupamba ukumbi wa harusi. Lakini atazamaye kwa utulivu huona kwamba mchoraji amewaheshimu watu wake kwa kutowaongopea.

Mwenzake, Ngugi Waweru, alivutiwa na kitu ambacho kila jiko linacho: kisu. Kisu kinolewacho kila uchao huliwa na kinoo kidogo kidogo. Ubao wake hupungua, ncha hubadilika umbo, mwishowe hubaki kijisu chembamba kama jani la mwanzi. Mama zetu wanavyo visu vya namna hiyo na hawakubali vitupwe, maana mkono umekwisha kuvizoea. Waweru alivikusanya visu vilivyochakaa, akaviunganisha vikawa sanamu, akaipa kazi hiyo jina la methali ya Kikuyu, *Kahiu kogi gatemaga mwene*, yaani kisu kikali mno humkata mwenyewe. Ukivitazama visu hivyo huoni chuma tu. Waona vitunguu vilivyokatwa, nyama iliyogawanywa, miaka ya mtu aliyeamka alfajiri kuwatafutia wanawe riziki. Kila kisu kimeliwa kwa namna yake, kwa sababu hakuna mikono miwili inoayo sawasawa. Mafundi wetu wa nakshi za milango ya Lamu wangalilifahamu jambo hilo bila kufafanuliwa.

Mwaka 2022 kikundi cha Wajukuu kilialikwa katika maonyesho makubwa ya sanaa yanayofanyika kila baada ya miaka mitano mjini Kassel, Ujerumani. Badala ya kujipamba kwa kile walichodhani Wazungu wangekipenda, walijenga njia ya giza ya mabati mlangoni mwa jumba la maonyesho, hata kila aliyeingia ikambidi apite kwanza kama apitaye vichochoroni mwa Mukuru. Mwaka huo huo walitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode, inayotolewa na mji huo.

Wako watakaouliza: je, si dhihaka kuuita ufukara uzuri? Swali hilo ni zito, nasi hatulipuuzi. Bati livujalo halina uzuri kwa mama anayehamisha godoro usiku wa mvua, na mafuriko ya mwaka 2024 yaliyoikumba Mukuru hayakuwa mandhari ya picha. Tuonavyo sisi, wachoraji hawa hawausifu umaskini. Wanachokionyesha ni alama za mikono ya watu waliokataa kushindwa nao, na alama hizo ni nzuri hata pale ambapo hali yenyewe ni ovu. Anayechanganya mambo hayo mawili huwadhulumu watu wa mtaa mara mbili.

Cyrus Kabiru, aliyezaliwa mwaka 1984, alilelewa upande wa Korogocho, karibu na jaa la Dandora, ambako taka za jiji zimekuwa zikimwagwa tangu miaka ya 1970. Ameeleza hadharani kwamba utotoni alitamani miwani, baba yake akakataa na kumwambia ajitengenezee mwenyewe akitaka. Mtoto akalichukua neno hilo kama ruhusa. Leo miwani yake ya nyaya, vizibo na vyuma chakavu yajulikana duniani. Huko Buruburu nako, mtaa uliojengwa tangu miaka ya 1970, wachoraji Boniface Maina, Michael Musyoka na David Thuku waliigeuza nyumba ya kawaida kuwa karakana ya uchoraji iitwayo Brush Tu, katikati ya majirani wanaoanika nguo na kungoja matatu.

Twayaandika haya kwa sababu suala limekwisha kuingia majumbani mwetu. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa gredi ya 10 nchini husoma katika mojawapo ya njia tatu, na moja ni ya sanaa na michezo. Wazazi wengi huipita njia hiyo kimya, kana kwamba ni ya walioshindwa kwingine. Wengine wana wasiwasi wa dini juu ya kuchora viumbe wenye roho. Wanazuoni wana kauli zao katika hilo na mzazi ana haki ya kuwauliza. Lakini visu na miwani havina roho, wala mabati, na milango ya babu zetu ilijaa maua na minyororo ya nakshi bila sura hata moja.

Huko Mukuru, Wajukuu huwafundisha watoto wa mtaa kuchora. Hupewa karatasi na rangi, kisha huchora mambo ya nyumbani kwao.