Mtoto akiumwa na mbwa, daktari peke yake hatoshi

Mzazi wa Mara hahitaji kuelezwa mbwa ni nani. Kuanzia Kiabakari kule Butiama hadi vijiji vya Bunda, usiku mbwa analinda zizi, mchana anaongozana na watoto machungani. Tumemzoea. Ndiyo maana mtoto akirudi na alama za meno mguuni, swali letu la kwanza huwa, “Ulimfanya nini?” Anagombezwa, anapakwa chumvi au mafuta ya taa, mambo yanaishia hapo.

Kesho yake mwingine akiumwa, hasemi kabisa. Anaogopa viboko.

Na huko kunyamaza ndiko kunakoua. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Lakini dalili huchelewa, mara nyingi wiki kadhaa, hata miezi, na chanjo ikichomwa mapema inamwokoa mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kila mwaka duniani, na katika kila kumi, vinne ni vya watoto wa chini ya miaka 15.

Kwa hiyo, mzazi, fimbo weka chini. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Sabuni ya mche inafaa, na dakika zihesabu kwa simu maana 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Usipake pilipili wala majani. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo tu.

Ukiwa njiani, mpigie afisa mifugo wa kata.

Hapo wengi hushangaa: mgonjwa ni mtoto, mifugo inahusikaje? Daktari anaona kidonda, hamwoni mbwa. Mtaalamu wa mifugo anaweza kumfuatilia. Mbwa akibaki hai na mzima siku 10 baada ya kung'ata, hakuwa na uwezo wa kuambukiza siku ile. Akifa au akitoweka, lazima watafutwe wengine aliowang'ata, pengine mtoto wa jirani ambaye naye amenyamaza. Msimuue mkamzika haraka bila kutoa taarifa, wala msijaribu kumkamata wenyewe. Na chanjo ya mtoto haisubiri hizo siku 10.

Ushirikiano huu wa wataalamu wa binadamu, wanyama na mazingira unaitwa Afya Moja, na tangu 2018 una dawati lake la uratibu katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Mara ni miongoni mwa mikoa ambako watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walijaribu utaratibu wa wahudumu wa afya kupashana habari na maofisa mifugo kila mtu anapong'atwa. Mbwa wenye kichaa ambao wasingejulikana wakagundulika.

Wanyamapori nao wamo. Bunda inapakana na Hifadhi ya Serengeti, na mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, distempa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa huko. Wataalamu wengi waliwanyooshea kidole mbwa wa vijijini. Tangu hapo mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi wamekuwa wakichanjwa. Lengo ni angalau 70 kati ya kila 100, na tukizembea kuwapeleka hata wale wanaozurura dampo na machinjioni, idadi hiyo haifikiwi.

Siku ya chanjo utawaona watoto foleni nzima, kamba mkononi, mbwa wanabwekeana. Chanjo ya mbwa huwa ni sindano moja. Ya mtoto aliyeng'atwa ni safari kadhaa za hospitali, nauli juu yake. Ukipewa cheti cha mbwa wako, kiweke pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, na namba ya afisa mifugo iandike nyuma yake.