Shamba la mbuga: Fedha iende kwenye mfereji, si kwenye mchanga

ARDHI ya mbuga mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu kuliko ardhi ya kichanga iliyo juu yake, na unafuu huo ndio unaowavuta wafanyabiashara wa mijini wanaotaka kuingia katika kilimo kwa mtaji mdogo. Ekari zinaonekana nyingi, udongo ni mweusi, na maji hayako mbali. Kwa macho ya mgeni, hiyo ni bidhaa iliyouzwa chini ya thamani yake.

Tatizo hujitokeza msimu wa kwanza. Mvua zikianza udongo hunata kwenye jembe, maji hutuama, na miche ya nyanya hugeuka manjano ndani ya siku chache. Kiangazi kikifika, udongo huohuo hukauka kama tofali na kupasuka nyufa zinazoweza kumeza mkono. Mwenye shamba huamua kuurekebisha, na hapo ndipo mitaji mingi hupotea, kwa sababu fedha huelekezwa mahali pasipohitajika.

Udongo huu una angalau asilimia 30 ya mfinyanzi, na katika mbuga nyingi kiwango hicho hupita nusu. Chembe zake hunywa maji na kuvimba, kisha hukauka na kunywea. Nchini Tanzania unapatikana kwa wingi katika mikoa ya Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Tabora. Nchini Kenya uko Mwea na katika tambarare za Athi. Sudan imelima pamba kwenye udongo wa aina hii katika mradi wa Gezira tangu 1925.

Jambo ambalo mwekezaji anapaswa kulielewa mapema ni kwamba mbuga si udongo maskini. Una kalsiamu na magnesi ya kutosha, na hushika virutubisho vizuri kuliko mchanga. Upungufu wake wa kawaida ni naitrojeni, fosforasi na zinki, ambazo zinaweza kununuliwa dukani. Kasoro yake kubwa ni kwamba maji yakiingia hayatoki, na penye maji mizizi haipati hewa. Kwa hiyo kinachotakiwa kuondolewa ni maji ya ziada. Mfinyanzi wenyewe ubaki.

Hesabu ya mchanga

Ushauri unaosikika sana vijiweni ni kumwaga mchanga ili kuulainisha udongo. Kabla ya kuita lori, ni vema kuchukua kalamu. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047. Udongo wa juu wenye kina cha sentimita 20 una ujazo wa mita 809, na uzito wake unakaribia tani 970. Ili kushusha mfinyanzi kutoka asilimia 60 hadi 30, unahitajika mchanga wenye uzito sawa na udongo wenyewe, yaani tani nyingine 970. Kwa lori la tani saba, hizo ni safari zipatazo 139 kwa ekari moja tu.

Kila mmoja anajua bei ya lori la mchanga katika eneo lake. Akiizidisha mara 139, atapata jumla ambayo nyanya za ekari moja haziwezi kuirudisha kwa misimu mingi. Kumwaga lori tano au kumi hakusaidii. Mchanga kidogo hupotea ndani ya mfinyanzi, na mchanganyiko ukikauka huwa mgumu zaidi.

Hesabu ya mfereji

Njia iliyothibitishwa ni kuinua kitanda cha mimea na kuyapa maji njia ya kutokea. Taasisi ya ICRISAT, iliyoanzishwa nchini India mwaka 1972, ilifanya kazi hiyo kwa muda mrefu karibu na Hyderabad kwa kutumia matuta mapana yenye mifereji katikati, tuta na mfereji wake vikichukua mita moja na nusu. Nchini Ethiopia, ambako wakulima wa nyanda za juu walizoea kusubiri mvua zipungue ndipo wapande, mradi wa pamoja ulioanza katika miaka ya 1980 uliunganisha majembe mawili ya kienyeji ya kukokotwa na ng'ombe, yakawa chombo kimoja cha kutengeneza matuta hayo. Maji yalipopata njia, ikawezekana kupanda mapema.

Kwa tuta la mita moja na mfereji wa nusu mita, ekari moja huwa na mifereji yenye urefu wa mita 2,700 hivi. Kazi hiyo inaweza kutolewa kwa kipande, kwa malipo ya kila mita, na mwenye shamba akajua gharama yake kabla ya kuanza. Mfereji ukichimbwa sentimita 15, udongo unaotoka huinua tuta kwa sentimita saba, na hivyo mizizi hukaa zaidi ya sentimita 20 juu ya maji. Mteremko unaofaa ni mdogo, sentimita 40 hadi 80 kwa kila mita 100. Ukizidi hapo, maji huondoka na udongo.

La muhimu ni mwisho wa mfereji. Mtu akichimba mita 2,700 bila kuwa na mahali pa kumwaga maji, atakuwa amehamisha bwawa tu. Anayekagua shamba kwa nia ya kununua atafute kwanza sehemu ya chini kabisa, na aulize majirani maji ya masika huishia wapi. Shamba lisilo na njia ya maji libaki la mpunga, kwa majaruba, na bei yake izungumzwe hivyo.

Samadi, maganda na jasi

Maji yakishapata njia, samadi na mboji huanza kulipa. Hushikanisha chembe za mfinyanzi kuwa vidonge vidogo, na kati ya vidonge hivyo hewa hupita. Tani nne hadi nane za samadi iliyooza kwa ekari ni mwanzo mzuri, zikiwekwa juu ya matuta peke yake. Kwa kuwa matuta ni theluthi mbili ya eneo, mbolea haiendi mfereji. Kanda ya Ziwa ina ng'ombe wengi, hivyo gharama kubwa huwa ni usafiri. Mizigo isombwe kiangazi, kwa sababu lori likiingia mbugani wakati wa masika halitoki. Maganda ya mpunga kutoka mashineni yanafaa pia, mradi yachanganywe na samadi. Yakiwekwa peke yake huoza polepole na mimea inaweza kukosa naitrojeni.

Jasi, ambayo huchimbwa Makanya wilayani Same, inatajwa mara kwa mara kama dawa ya mfinyanzi. Ni dawa ya ugonjwa mmoja tu: udongo wenye magadi mengi, ambako kalsiamu ya jasi huchukua nafasi ya sodiamu. Kipimo cha awali hakina gharama. Bonge dogo kavu huwekwa katika glasi ya maji ya mvua bila kutikiswa. Maji yakigeuka kama maziwa kuzunguka bonge hilo, kuna dalili ya magadi, na sampuli ipelekwe maabara, kama ile ya TARI Mlingano, Tanga, au SUA, Morogoro. Bonge likimeguka na maji yakabaki maangavu, fedha ya jasi ibaki mfukoni.

Tahadhari hiyo inahusu pia mbolea ya mawe ya fosfeti kutoka Minjingu. Huyeyuka vizuri katika udongo wenye tindikali, lakini mbuga nyingi hazina tindikali. Mnunuzi apime kwanza.

Siku ya kulima

Mfinyanzi una siku chache za kulimika kila msimu. Ukiwa na maji mengi, trekta huukandamiza na kuacha tabaka gumu chini. Ukikauka mno, plau hung'oa mabonge. Jaribio la shambani ni kuviringisha udongo katika viganja. Ukiwa kamba ndefu, kazi isubiri. Ukifanyika bonge na kumeguka kwa kidole, siku imefika. Mwenye kukodi trekta aweke akiba ya kutosha ili asilazimike kufuata ratiba ya mwenye trekta.

Kuuza kile ambacho mbuga inakijua

Si lazima kila mbuga iwe bustani ya nyanya. Dengu ya Kanda ya Ziwa hupandwa mvua zinapoelekea kuisha, mara nyingi baada ya mpunga au mahindi, na hukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Tabia ileile ya kung'ang'ania maji, inayomkera mkulima wa nyanya, ndiyo inayoikomaza dengu bila umwagiliaji. Huvunwa wakati wa kiangazi, barabara zikiwa zinapitika. Soko lake liko zaidi nje, hasa India, hivyo bei hufuata mavuno na ushuru wa huko, na mfanyabiashara makini huulizia hali ya India kabla ya kupanda, asisubiri kuvuna.

Kwa mwekezaji mdogo, mpango wenye nafuu ni kugawa shamba. Nusu ekari iliyo karibu na njia ya maji iwekewe matuta, samadi na mboga. Iliyobaki ilimwe mpunga na dengu. Faida ya nusu ekari hiyo ndiyo itakayolipia matuta ya mwaka unaofuata. Mifereji isafishwe kila kabla ya mvua na samadi irudiwe kila mwaka, maana katika joto letu huisha upesi. Gharama zote hizo ziandikwe tangu siku ya kwanza, kwani mali bila daftari huisha bila habari.