Muuzaji wa Guangzhou akikwambia "mou baan faat", anamaanisha nini?

Wenzangu tunaoagiza mzigo China kwa simu, hii itawaokoa hela. Mimi naagizia hapahapa Kipawa, sijapanda hata hizo ndege zinazotupita kichwani, ila maneno haya nayasikia kila wiki.

Unaomba upunguziwe, jamaa anajibu "mou baan faat". Hicho ni Kikantoni, lugha ya wenyeji wa Guangzhou. Akiandika, programu ya kutafsiri inaweza kukuletea "hakuna njia", ukadhani meli hamna. Kumbe anasema "sina namna". Wanaoongea Kimandarin watakwambia "mei banfa", ni ileile. Hapo usivutane naye bei, muulize ukiongeza pisi itakuwaje. Mara nyingi kuna mlango.

"Mou dak gaan" ni nzito zaidi: hakuna cha kuchagua. Labda rangi iliyobaki ni nyeusi tu. Chukua au acha.

"Yat ding yiu" ni lazima kabisa. Akisema hivyo kuhusu kianzio, bila kianzio mzigo hautoki.

Sasa "m sai", hii ndiyo inaumiza watu. Siyo "usifanye", ni "si lazima". Umeagiza vyombo vya glasi, umeuliza kama vinahitaji boksi la ziada, kajibu "m sai". Kwake yeye si lazima, vikivunjika njiani hasara ni yako. Mwambie unalitaka, na ulilipie kabla mzigo haujafungwa.