Maana ya Neno "Carry"

Siku moja darasani, huku Lisekese karibu na mji wa Masasi, niliandika ubaoni sentensi ya Kiingereza juu ya mama aliyekwenda nyumbani na mtoto wake na mtungi wa maji. Kitendo chake kilikuwa kimoja tu, "carry". Mwanafunzi mmoja aliifasiri hivi: "Mama alijitwika mtoto na mtungi." Wenzake wakacheka sana, maana walimwona mtoto yule amekaa kichwani! Lakini kosa lile lina mafunzo ndani yake.

Maana ya "carry" ni kukishika kitu, au kukitegemeza mwilini, na kwenda nacho toka mahali hata mahali pengine. Neno lenyewe halisemi kitu kimekaa wapi. Kiswahili husema. Mtungi twajitwika kichwani. Mtoto twamweleka mgongoni. Mzigo mzito uliofungwa katika mti, watu wawili huuchukua mzegamzega. Wanawake wa Newala, ambao kabla ya mabomba walishuka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha juu ya uwanda wa Makonde, walijua vema tofauti ya kujitwika na kueleka, kwani mara nyingi walifanya yote mawili kwa safari moja. Basi ukikutana na neno hili, kwanza jiulize: mzigo umekaa wapi? Ndipo utafute neno la Kiswahili.

Neno hili hutumika hata pasipo mzigo. Sauti ikifika mbali, Waingereza husema "it carries". Tena katika hesabu, nane na saba ni kumi na tano: waandika tano, na ile moja waipeleka kwenye makumi, kuipeleka huko ni "carry" vile vile.

Asili yake je? Warumi wa kale waliliita gari la magurudumu "carrus", neno walilolipata kwa Wagauli, wenyeji wa kale wa nchi iitwayo sasa Ufaransa. Wanormandi walipoishinda Uingereza mwaka 1066, walileta Kifaransa chao, na humo limo neno la kuchukua vitu kwa gari. Kiingereza kikalipokea, na magurudumu yakasahauliwa. Ndugu yake ni "car". Lakini neno letu "gari" si ndugu yao, ingawa wafanana kwa sauti. Hilo lilitoka Kihindi.

Katika nchi yetu magurudumu yalikosekana kweli. Mbung'o waliwaua ng'ombe na farasi, na barabara zilikuwa chache. Kwa hiyo katika vita vya 1914 hata 1918, Waingereza na Wadachi walichukua vyakula na risasi kwa vichwa vya watu. Mwezi wa Novemba 1917 vita vilipita Masasi na Newala, Wadachi wakaenda kuvuka mto Ruvuma. Wapagazi waliokufa, wa pande zote mbili, walikuwa makumi ya maelfu. Wengi waliuawa na maradhi na njaa, si risasi.

Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa "Carrier Corps", yaani kundi la wachukuzi. Katika neno la pili herufi p na s hazitamkwi, ndiyo sababu watu walisikia "Kariakoo". Mahali walipokaa wapagazi hao Dar es Salaam paliitwa hivyo, na hata leo jina ni hilo, soko pia.

Katika mji uo huo sanamu ya Askari imesimama tangu mwaka 1927. Maandishi yake yawataja wapagazi pia, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Mchukuzi amebakiwa na jina la soko. Basi ukienda kununua kitu Kariakoo, kumbuka ya kuwa unatamka neno la gari la Wagauli, ambalo mzigo wake ulikaa kichwani mwa babu zetu.