Moshi Usio wa Udi

Apitaye Mtaa wa Biashara, Mombasa, nyakati za alasiri, huziona leso zikining'inia milangoni na huenda akanusa udi kutoka chetezo kilichowekwa pembeni mwa duka. Sisi watu wa Pwani tumelelewa na moshi. Bibi harusi hufukizwa, na nguo za sikukuu hufukizwa. Kutokana na kitenzi kufuka tumeunda kufukiza, na kitenzi hicho tumekivika heshima.

Naona mazoea hayo yametusahaulisha kwamba si kila moshi ni rafiki. Leo miale ya leza hutumiwa kuondoa nywele, michoro ya ngozini na chunjua. Mwale uunguzapo mwili, hufuka kitu ambacho Waingereza hukiita kwa neno ambalo asili yake ni unyoya. Nani ataogopa unyoya? Kiswahili hakina kigugumizi: huo ni moshi.

Mwaka 1988 watafiti wa Marekani waligundua vinasaba vya virusi vya chunjua ndani ya moshi huo. Mwaka 1991 madaktari wa Norwei walieleza habari za mpasuaji aliyeota chunjua kooni, baada ya kuwatibu kwa leza wagonjwa wa maradhi yasababishwayo na virusi vya jamii hiyo hiyo. Mwaka 2016 uchunguzi wa moshi wa nywele ulikuta kemikali 13 zijulikanazo au zishukiwazo kuleta saratani. Mgonjwa huuvuta kwa dakika chache. Muuguzi huuvuta kutwa, mwaka nenda mwaka rudi.

Dawa yake inajulikana. Bomba la kunyonya moshi, lenye chujio, lisogezwe hadi sentimita 5 kutoka panapochomwa. Wahudumu wavae barakoa za N95 zinazobana uso, kwani barakoa ya kawaida ya upasuaji haizuii chembe ndogo mno. Kufungua dirisha hakutoshi, na kufukiza udi ili kuua harufu ni kuongeza moshi juu ya moshi. Aidha, sheria ya Kenya ya usalama kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awakinge wafanyakazi na mivuke yenye madhara.

Walimu wenzangu, wamo madarasani mwetu wauguzi wa kesho. Tuwafunze kukiita kitu kwa jina lake, kisha kuuliza kabla ya kuwasha mtambo: bomba la kunyonya moshi liko wapi?